Safu za funguo: usipitishe kila kitu kwenye hashi

Mkuu, umesema kwenye lugha unayounda kila safu ni jedwali la hashi (linalopata mahali pa thamani kwa namba, yaani hashi, inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo wake), likijaa unaliongezea nafasi 16, na kujaza namba milioni moja kunachukua muda mrefu mno. Mchawi wa kwanza ni hizo 16. Kila ukipanua unanakili vyote vilivyomo, kwa hiyo kwa vipengee milioni moja utanakili takriban mara bilioni 31. Anza na nafasi 8, zidisha mara mbili kila zinapojaa: hadi unamaliza, umenakili mara 1,048,568 tu.

Ukishamaliza hilo, igawe safu ndani kwa ndani. Funguo 0, 1, 2… zikae kwenye sehemu ya mfululizo, yenye thamani tupu bila ufunguo wala hashi; zilizobaki ziende kwenye jedwali. Lua, lugha ya programu, inafanya hivyo tangu toleo la 5.0. Wakati wa kuandika, ufunguo ukiwa chini ya idadi ya vipengee vya mfululizo, andika moja kwa moja; ukilingana na idadi, ongeza mwishoni; vinginevyo peleka kwenye hashi.

Wengi hukwama hapa: mtu ameandika a[1] na a[2] kabla ya a[0]. Zile mbili ziko kwenye hashi, na a[0] ikiingia kwenye mfululizo, lazima uzihamishe, la sivyo ufunguo mmoja utakuja kuwa na makao mawili. Kwa hiyo kila unapoongeza mwishoni, kama hashi ina kitu, ulizia ufunguo unaofuata.

Na a[1000000] = 1 kwenye safu tupu? Usitenge nafasi milioni. Kanuni ya Lua inatosha: panua mfululizo pale tu ambapo zaidi ya nusu ya nafasi zake zitatumika. Hesabu hiyo ifanywe hashi inapojaa, si kila unapoandika, maana ni ghali.

Safu iliyoandikwa kwenye msimbo, mfano [4, 7, 9], kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa amri) inajua ina vipengee vitatu. Itoe amri ya kuunda safu yenye nafasi hizo tayari, isukume thamani kwenye staki (rundo la muda la thamani), kisha amri moja izimwage zote kwa mkupuo. Orodha ikiwa ndefu, mwaga kwa mafungu (Lua 5.1 hutumia 50), staki isifurike.

Kuna hitilafu moja inayoweza kukukosesha usingizi: a[0] = f(), halafu f yenyewe inaongeza vipengee kwenye a. Ukichukua anwani ya nafasi kabla ya kuita f, safu ikihamishwa utaandika kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachwa. Ita f kwanza, anwani baadaye.

Kufuta: weka alama ya pengo isiyofanana na thamani yoyote ya lugha, hata ile ya "hakuna kitu". Usipunguze nafasi hadi matumizi yashuke chini ya robo, na hapo punguza kwa nusu. Ukipunguza mapema, programu inayoongeza na kufuta kipengee kimoja mpakani itanakili safu nzima kila mara.