Asilimia 100 na joto: kinachoua betri ya simu na laptopu

Ushauri wa kuiacha simu ijizime ndipo uichaji ulitoka enzi za betri za nikeli-kadimiamu. Simu na laptopu za leo hutumia lithiamu-ayoni, na hizi huumia zikikamuliwa hadi sifuri. Zibakishe kati ya asilimia 20 na 80 kila inapowezekana. Kuchaji kidogo kidogo hakuna ubaya: asilimia 50 leo na 50 kesho huhesabiwa mzunguko mmoja tu wa kuchaji.

Seli ikijaa hufika takriban volti 4.2, na nyingi za sasa hupita hapo kidogo. Volti inapokuwa juu, elektrolaiti iliyomo (kimiminika kinachopitisha ayoni) huharibika taratibu na utando unaofunika grafaiti, yaani upande hasi wa seli, huzidi kunenepa, ukimeza lithiamu ambayo ingebeba chaji. Joto huuharakisha uharibifu huo.

Kwa hiyo kuchaji usiku kucha hakuijazi simu kupita kiasi, maana sakiti yake hukata yenyewe. Kinachoiumiza ni kushinda saa sita kwenye asilimia 100 ikiwa chini ya mto, ndani ya kava nene. Apple hupendekeza iPhone itumike kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huvuka hapo upesi sana. Vua kava, laza simu mezani, na uache gemu mpaka uchomoe chaja. Mgongo wa simu ukiunguza kiganja, chomoa kwanza ipoe. Tafadhali usiipoze kwenye friji, unyevu utaingia ndani.

Laptopu inayoshinda kwenye umeme ndiyo inayoonewa zaidi. Washa kikomo cha asilimia 80. Lenovo na ASUS wanacho kwenye programu zao, na iPhone 15 na zilizofuata zinacho kwenye mipangilio ya betri. Kupima uchakavu kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa na ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Ikiwa ilitoka na 50,000 mWh (miliwati-saa, kipimo cha nishati) na sasa inaishia 30,000, imebaki asilimia 60, na hakuna namna ya kuchaji itakayourudisha uwezo huo.

Kifaa cha kuweka kabatini kiache na asilimia 50, kimezimwa, na ukikague kila baada ya miezi sita.

Kioo cha simu kikiinuka pembeni, au padi ya kipanya ya laptopu ikigoma kubonyea, huenda betri imevimba kwa gesi. Usiichaji tena, usiitoboe, usiibonyeze irudi. Zima, ipeleke kwa fundi.

Haya yote usiyahamishie kwenye betri ya sola ya asidi na risasi. Hiyo ikiachwa nusu kwa wiki kadhaa, salfeti huganda kwenye sahani zake na uwezo hupotea. Yenyewe inataka kujazwa kabisa, kila siku jua linapotosha.