Sauna baada ya mazoezi kwa mwenye presha

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuingia sauna, kile chumba cha joto kali cha kutoa jasho, ukitoka gym wakati unameza dawa za presha. Muone daktari wako kwanza, hasa kama kati ya dawa hizo kuna ya kukojosha. Joto linatanua mishipa ya damu na presha inashuka; ukiongeza dawa na jasho la mazoezi, ukiinuka ghafla unaweza kudondoka humo ndani.

Akikuruhusu, pumzika na unywe maji kabla ya kuingia. Sauna ya Kifini inafika nyuzi 80 hadi 90, na benchi la juu ndilo kali zaidi, kwa hiyo kaa kwenye benchi la chini. Dakika 5 hadi 10 zinakutosha kwa kuanzia. Vua cheni na saa, chuma kikipata moto kinaunguza ngozi. Kabla ya kutoka, kaa wima kidogo, kisha simama taratibu ukishika ukuta. Kichwa kikiwa chepesi au moyo ukienda mbio, toka hapo hapo.

Na joto hili la Dar la Januari, ukitoka nje bado unavuja jasho, kwa hiyo endelea kunywa maji. Bia hapana kabisa, kabla wala baada. Na tafadhali usiingie peke yako.