Unamngoja Mungu, au unatafuta wa kumlaumu?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Morogoro, nauza nguo. Huu ni mwaka wa saba wa ndoa na sijashika hata mimba. Nafunga na kuomba, na kila Ijumaa niko kwenye mkesha. Mwezi jana mama mkwe alikuja kutoka Njombe akaniletea mbeleko. Mtumishi wa Mungu anayetuombea akaniambia kifungo changu kimo humo, nikaichoma. Sili tena anachopika. Mume wangu naye amenuna kwa sababu ya kijambo kidogo cha fedha: laki nane alizoweka kwa ajili ya vipimo nilizitoa sadaka. Imani yake ni ndogo, yeye ni hospitali tu. Hata mdogo wangu alipojifungua sikwenda, nilikuwa nalinda moyo wangu. Mama mkwe anaondoka mwisho wa mwezi. Nifanye nini niweze kusubiri kwa amani?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Miaka saba ya kuhesabu siku kila mwezi na kuishia kulia bafuni si mchezo. Nami nilikaa miaka mitano hivyo hivyo, na kuna nyumba nilizokuwa nazikwepa kwa sababu tu kamba ya nje ilikuwa na nepi.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara namwona mumeo na mama yake wameonewa.

Tuanze na hicho ulichokiita kijambo kidogo. Laki nane si kijambo. Mwanamume ameweka akiba ili yeye na mkewe wakapimwe, ukaichukua bila kumwambia, kisha unashangaa kanuna. Mimi ningenuna zaidi. Sadaka iliyotolewa kwa siri ya mwenzako ni fedha ya watu, mwanangu, hata ukiiweka madhabahuni. Na wanaume wangapi unaowajua wanakubali wenyewe kwenda kupimwa? Wengi mke humbembeleza mpaka achoke, wao wanasema tatizo haliko kwao. Wako amejitolea, nawe unamwita mtu wa imani ndogo!

Sasa hiyo mbeleko. Mama amesafiri kutoka nyanda za juu na nguo ya kubebea mtoto ambaye hajazaliwa. Mtu aliyekukatia tamaa hafanyi hivyo. Angekuwa anataka mwanawe aoe mwingine, angekuja na maneno, wala asingekuja na mbeleko. Huyo ndiye anayengoja kwa imani nyumbani kwako, nawe ukamchomea imani yake. Wahenga walisema mchawi mpe mwanao akulelee. Huyu hata hujampa mtoto, umeshamhukumu.

Labda unajiona unasubiri kama Hana wa kwenye Biblia, aliyekaa miaka bila mtoto. Basi msome Hana vizuri, Samweli wa Kwanza sura ya 1. Penina, mke mwenzake, alimchokoza mwaka baada ya mwaka, wala hakuna mahali tunaposoma Hana akimrudishia. Alikuwa na mume aliyempenda, na alipanda Shilo pamoja naye, hakwenda kwa kificho. Kuhani Eli alipomdhania amelewa, alimjibu kwa adabu, akamweleza uchungu wake. Na jambo linalonigusa zaidi ni hili: baada ya kuomba, Hana alikula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mimba ilikuwa bado! Wewe umetoka mkeshani mara ngapi ukakataa chakula cha mezani kwako?

Anayefanana nawe ni Sara. Alichoka kungoja, akamtoa mjakazi wake Hajiri kwa mumewe Ibrahimu. Hajiri alipopata mimba, Sara akamlaumu mumewe, akamtesa msichana wa watu mpaka akakimbilia jangwani. Mungu hakumwacha Sara, Isaka alikuja. Ila kungoja kwake kuliumiza watu.

Siku hizi naletewa barua nyingi za namna hii. Mke ana kundi lake la maombi kwenye WhatsApp, linajua kila kitu cha chumbani, mume hajui kitu. Mtumishi anaulizwa mambo ambayo mume hajawahi kuulizwa. Mimi ni mtu wa kanisani, na mikesha nimeikesha, ila maombi yanayokufundisha kumficha mumeo na kumwogopa mama yake yana kasoro, hata yakiwa na machozi mengi kiasi gani.

Hospitali haishindani na Mungu. Wataalamu husema wenzi wakikutana mwaka mzima bila kinga na bila mimba, wapimwe; mwanamke akishafika miaka 35, miezi 6 inatosha. Nyinyi mko mwaka wa saba. Mirija huweza kuziba kwa maambukizi ya zamani ambayo hayakutibiwa, kizazi huweza kuwa na uvimbe, yai huweza kuwa halipevuki, na mbegu za mwanamume huweza kuwa chache. Ndiyo maana mnapimwa wote wawili, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyako. Huenda msipate jibu mnalolitaka. Lakini miaka inakwenda, na kukaa bila kujua hakuongezi imani.

Kwa hiyo, mwambie mumeo: nilikosea, fedha nitairudisha kidogo kidogo kutoka kwenye biashara yangu, tafuta siku twende wote. Nenda kamwone mdogo wako, umpakate mtoto hata dakika tano. Ukilia, lia. Ulisema ulikuwa unalinda moyo. Nadhani ulikuwa unaona wivu, nao Mungu anaujua, mwambie tu.

Na mama mkwe asipande basi kabla hujampikia. Mle sahani moja, kisha umwambie ile mbeleko umeifanyia nini. Ataumia. Usimtaje mtumishi, wala usijitetee. Mwombe msamaha, halafu umwombe akuletee nyingine.