Ramani ya mtindo wa mkono haichorwi kwa kuzima OSNAP

SWALI: Nachora ramani za nyumba kwa AutoCAD, programu ya kuchorea ya kompyuta. Mteja wangu anataka ramani ya sakafu inayoonekana kama imechorwa kwa mkono, aionyeshe familia yake kabla ya kuamua. Nilifuata video moja: nikazima OSNAP (inayonasa ncha za mistari) na ORTHO (inayonyoosha mistari wima na mlalo), kisha nikapitia kuta zote upya kwa amri ya SKETCH, inayochora kwa kufuata mkono. Imependeza, lakini sasa hatch (mchoro wa kujazia eneo) inakataa kuingia ukutani, na chumba cha mita 3.60 kinasoma 3.574. Nirekebishe vipi?

JIBU: Usirekebishe. Futa kazi hiyo, rudi kwenye faili la awali. Hatch inakataa kwa sababu pembe za kuta hazikutani na programu haipati eneo lililofungwa. Wapo watakaokwambia uongeze HPGAPTOL, kipimo cha nafasi ambayo hatch inaivumilia, ili iingie kwa nguvu. Itaingia, ila nafasi zitabaki pale pale, na chumba chako kitaendelea kupungukiwa sentimita mbili na nusu.

Ushauri wa namna hii umeenea mno, na unaniudhi kwa sababu umejengwa juu ya dhana potofu kwamba alama ya mkono ni mstari kupinda. Wachoraji wa enzi za ubao wa kuchorea walitumia rula ya T na pembetatu; kuta zao zilinyooka. Mkono ulionekana kwenye pembe, pale mistari miwili inapopitana kwa milimita moja au mbili, na kwenye wino uliokolea mwanzo na mwisho wa mstari. Zaidi ya yote ulionekana kwenye tofauti za unene.

Basi anza na unene. Kwa skeli ya 1:50, ukuta uliokatwa upe milimita 0.50 hadi 0.70, milango na madirisha 0.25, fanicha 0.18, mistari ya vigae 0.09. Jaza ukuta kwa kijivu kilichokolea. Ramani nyingi zinazolaumiwa kuwa "za kikompyuta" zina ugonjwa huu tu: ukuta, kitanda na kigae vyote vina unene mmoja. Ukishatibu hapo, nusu ya kazi imekwisha na hujagusa kipimo hata kimoja.

Mtindo wenyewe unavalishwa juu ya mchoro sahihi. AutoCAD ina mwonekano uitwao Sketchy, lakini umetengenezwa kwa kingo za maumbo ya 3D. Mistari mitupu ya ramani bapa haiguswi. Kwenye Revit, programu nyingine ya kuchorea majengo, fungua Graphic Display Options, washa Sketchy Lines, weka Jitter (mtetemo wa mstari) 1 au 2 na Extension (mistari kupitiliza kwenye pembe) 3 au 4. Vipimo hivyo vinafika 10, na wengi hukimbilia huko. Matokeo yake ni mistari miwili ya ukuta kugusana na mlango kuonekana umevunjika. Kwenye SketchUp Pro, programu ya michoro ya 3D, ingiza DWG yako (faili la AutoCAD) ukiwa umechagua milimita kwenye chaguo za kuingizia, kisha chagua mtindo mmoja wa Sketchy Edges.

Kabla ya kuingiza, pitisha OVERKILL kwenye AutoCAD, amri inayofuta mistari iliyorudiwa na kuunganisha vipande vya mstari mmoja. SketchUp hukipa kila kipande cha mstari mchirizi wake. Ukuta ulioungwa kwa vipande vitatu utapata michirizi mitatu inayopandana, na kila kiungo kitatoa fundo jeusi. Pia, ukihamisha picha kubwa ya pikseli 4000, mistari huwa myembamba kuliko ulivyoiona kwenye skrini. Ongeza kipimo cha unene wa mistari wakati wa kuhamisha.

Lakini njia ninayoipendekeza kwa mteja mmoja ni rahisi zaidi. Kwenye CTB (faili la AutoCAD la mipangilio ya kuchapisha) weka Screening 30 ili mistari itoke hafifu, chapisha ramani kwa 1:50 kwenye A3 (nyumba ya mita 15 kwa 11 inaenea), weka juu yake karatasi angavu ya kunakilia (tracing paper), upitie kwa kalamu za 0.5, 0.3 na 0.1. Skani kwa dpi 300. Huo ni mchoro wa mkono kweli, na umekaa juu ya vipimo sahihi.

Programu za simu zinazogeuza picha ya ramani kuwa "skechi" kwa kubonyeza mara moja achana nazo kabisa. Zinachora upya hata tarakimu, na 3.60 hugeuka 8.60 bila mtu kugundua. Wanaouza ramani hizo mitandaoni hawasemi hivyo. Mteja anazipokea kwa WhatsApp, anachapisha dukani kwenye A4, anampa fundi, na fundi anapima kwa rula. Karatasi ya A3 ikishushwa hadi A4 inabaki asilimia 71. Chumba cha mita 3.60, ambacho kwa 1:50 ni milimita 72, kinasoma milimita 51, na fundi anakata msingi wa mita 2.55. Hapo kitanda na kabati havikai, na msingi umeshamwagwa zege.

Kwa hiyo, kwenye karatasi ya mtindo wa mkono ondoa vipimo vyote. Bakiza majina ya vyumba, alama ya kaskazini na mstari wa skeli, ambao hupungua pamoja na karatasi. Andika kwa herufi za milimita 5, ndani ya mchoro na si pembezoni ambako zitakatwa: MCHORO WA MAONYESHO, SI WA UJENZI. Fonti ya CityBlueprint inayokuja na AutoCAD inafaa hapo. Fundi apewe karatasi nyingine, yenye vipimo vilivyoandikwa kwa fonti ya kawaida. Kwa Tanzania, michoro ya kuombea kibali cha ujenzi halmashauri ipitie kwa mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hiyo skechi usiiambatanishe kabisa.