Picha na miswada ya kale ya kwetu ipo mtandaoni bure, ila tafuta kwa majina waliyoandika Wazungu

Mkuu umeuliza kama kuna namna ya kupata picha na nyaraka za zamani za Uchagani na za pwani bila kupanda ndege wala kulipia, maana kila ukigugo unaletewa watalii wakiwa kileleni. Namna ipo, na nyingi ni bure kabisa, mi nipo humo muda mrefu natafuta habari za ukoo wetu wa Machame so ntakwambia kilichonisaidia.

Kwanza kabisa acha kutafuta kwa majina tunayotumia leo. Aliyeandika maelezo ya ile picha alikuwa mmisheni wa Kijerumani wa miaka ya 1900 huko na kompyuta inasoma alichoandika yeye, sio unachojua wewe. Moshi andika Moschi, Wachagga andika Dschagga, Bagamoyo Bagamojo, Dar ni Daressalam neno moja, Kilwa jaribu Quiloa, na kwa Wafaransa Zanzibar utaikuta Zanguebar. Quiloa peke yake itakupeleka kwenye ile karatasi ya picha za miji ya Braun na Hogenberg iliyochapwa Cologne, Ujerumani, 1572, karatasi moja ina Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala zote, na ukiivuta karibu unaona mpaka minara. Usiichukue kama ushahidi wa jinsi mji ulivyokuwa maana waliochora walitegemea habari za Wareno, ila fikiria, Wareno waliivamia Kilwa 1505 na miaka 67 baadae watu wa Ulaya bado wanauziwa picha yake kama mji mkubwa wa dunia.

Kwa Uchagani nenda moja kwa moja maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, USC, wana mkusanyo unaitwa International Mission Photography Archive. Humo wameweka picha za misheni mbalimbali, na za misheni ya Leipzig ya Ujerumani, ambao walifungua kituo Machame 1893, ni nyingi mno, Moshi, Machame, Upare mpaka Meru. Shule, harusi, masoko, migomba, watu wamekaa nje ya nyumba za nyasi za zamani zile ambazo mimi sijawahi kuziona kwa macho. Na hapa ndo panaponiuma. Mzungu akiwemo kwenye picha ana jina lake kamili na mkewe pia, sisi tumeandikwa "mwanamke wa Kichagga", "wazee", "wanafunzi", basi. Mtu kasimama pale anakutazama usoni, ana ukoo, ana wajukuu labda ndo nyie mnasoma hapa, na hana jina.

Ndo maana nasisitiza usiishie kudaunlodi. Chapisha, peleka kijijini, kaa na wazee. Mimi nilimpelekea babu mdogo picha kadhaa, kwenye moja kuna mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita mgombani, akaniambia ukoo uliouchimba, zamu za maji zilivyokuwa zinagawanywa na nani alikuwa anasimamia, habari ambayo kwenye maelezo ya picha haipo hata nusu mstari. Nikaandika yote nikawatumia wanaotunza, maana nyingi ya hizi maktaba zina sehemu ya kutuma maoni, na wanapokea vizuri kabisa ukiweka namba ya picha.

Picha za Dobbertin nazo usiziache, yule mpiga picha aliyekuwa Dar enzi za Mjerumani. Ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, na tangu Desemba 2008 wameweka nyingi Wikimedia Commons. Andika tu Bild 105-DOA zitamwagika, bandari, reli inajengwa, askari, mitaa ya Dar. Unaruhusiwa kutumia ilimradi utaje chanzo.

Pwani sasa. Miswada ya msikiti wa Riyadha Lamu ilipigwa picha kupitia mradi wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, Endangered Archives, wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, vitabu vyenyewe vimebaki Lamu kwa wenyewe, na huo ndo utaratibu mzuri kuliko wote. Chuo cha SOAS London wanazo karatasi za Taylor, yule mmisheni wa Kiingereza aliyekusanya mashairi ya Muyaka, mshairi wa zamani, pale Mombasa akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo kama ulisoma madrasa una faida kubwa kuliko profesa yeyote asiyezijua. Baadhi ya miswada yao unaisoma mtandaoni.

Alafu ukipata kitu shusha hapohapo, uandike na namba yake ya kumbukumbu. Oktoba 2023 British Library walivamiwa na wahalifu wa mtandao, makusanyo yao hayakufunguka kwa miezi, na watu waliokuwa wanategemea linki tu walikwama. Bando likikusumbua shusha picha ndogo kwanza, kubwa utarudia ukiwa kwenye waifai.

Na sio kila kitu kiko Ulaya jamani. Hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar pale Kilimani, na chumba cha East Africana maktaba ya UDSM, kuna miswada ya Kiswahili ambayo bila kwenda mwenyewe huioni. Wewe ni wa upande gani wa mlima? Taja kijiji nikutafutie Wajerumani walikuwa wanakiandikaje, uanzie hapo.