Mbegu za mepo hazioti, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nipo Ottawa huku Kanada, mwezi wa kumi niliokota mbegu za mepo wa sukari (ule mti wanaouita sugar maple) chini ya mti wa jirani, zile zenye mabawa mawili, nikazifukia kwenye vikopo nikaviweka dirishani juu ya hita. Mwezi wa pili unaisha sasa hamna hata moja iliyotoa kichwa, na kila siku namwagilia. Shida ni nini? Na nikifanikiwa naweza kumpelekea mama Moshi apande?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hita ndo iliyokuponza. Mbegu ya mepo wa sukari ikidondoka kwenye vuli inakuwa imelala, na haiamki mpaka ipite kwenye baridi yenye unyevu kwa miezi miwili mitatu, maana ingeota Oktoba kamche kangekufa na theluji, sasa wewe umeipa joto muda wote inajuaje kama baridi imepita?

Usimwage hivyo vikopo lakini. Fukua mbegu chache uzipasue kwa wembe, ndani zikiwa kijani na ngumu bado ni nzima, zikiwa nyeusi au zinabonyea zimeoza. Zingine utazikuta tupu kabisa, usishtuke, kwa mepo wa sukari ni kawaida kwenye lile pacha upande mmoja kukosa kiini, ndo maana nawaambia watu waokote nyingi.

Hizo nzima changanya na mchanga wenye unyevu, yaani ukiukamua kiganjani usichuruzike maji, tia kwenye mfuko wa plastiki halafu weka ndani ya friji kwenye nyuzi 1 mpaka 5, sio friza jamani, na andika tarehe juu ya mfuko. Acha siku 60 mpaka 90. Kila wiki chungulia, yenye ukungu itoe, na ukiona kizizi cheupe kimechomoza (huwa kinachomoza humohumo kwenye baridi) ihamishie kwenye kopo lenye tundu chini, kizizi kielekee chini, udongo juu yake sentimita 1 hivi. Majani mawili ya kwanza yatakuwa membamba kama utepe, wengi wanadhani ni gugu wanang'oa! Subiri, yanayofuata ndo yana sura ya lile jani la kwenye bendera ya Kanada. Mei theluji ikishaisha toa nje, penye kivuli kidogo, na funika kwa wavu maana kindi wa huko hawana huruma.

Kama unataka njia rahisi zaidi subiri mepo mwekundu au mepo wa fedha, hao mbegu zao zinaiva majira ya kuchipua na nyingi zinaota hapohapo bila friji, ila za mepo wa fedha zipande siku ileile, zikikauka zimekufa.

Kuhusu mama, hapana mwanangu. Mbegu kuingia Tanzania inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na hata ukivipata Moshi hakuna majira ya baridi ya kuulaza huo mti kila mwaka, utadhoofika tu. Mpelekee chupa ya sharubati ya mepo (maple syrup), lita moja inachemshwa kutoka kwenye kama lita 40 za utomvu, na huo mche wako utasubiri miaka 30 au 40 ndo uanze kugemwa, kwa hiyo upande sehemu ambayo hamtahama.