Kelele za mota kwenye treni za modeli: kabla hujashika chupa ya oili

"Mjomba, imenyamaza!"

Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyoanza simu Jumapili moja usiku, sauti imejaa furaha. Wiki hiyo alikuwa amejipatia kichwa cha treni cha dizeli, saizi ya HO (ndogo mara 87 kuliko treni halisi), kwenye soko la mitumba hapa Hamburg, na tangu akiweke relini kilikuwa kinapiga mlio mwembamba wa kuchoma masikio. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema amekifungua, akatia oili kila palipokuwa na tundu, na sasa kinakwenda kimya kabisa. Nikamwambia azime transfoma, asikiguse mpaka nifike.

Sikumkasirikia, maana kosa hilo nililitenda mimi kabla yake, nikiwa na miezi miwili tu kwenye karakana iliyo nyuma ya duka la treni za modeli. Mteja alileta kichwa chenye mlio kama huo, nikatia oili, kikanyamaza, nikamrudishia. Baada ya siku chache kikarudi kinanuka kuungua. Nilipokifungua nikaikuta komutata, yaani ile silinda ndogo ya shaba iliyogawanywa vipande ambayo brashi za kaboni huisugua, imefunikwa tope jeusi. Oili ilikuwa imetambaa kutoka kwenye beringi, ikachanganyika na vumbi la kaboni, tope likaziba mianya iliyo kati ya vipande vya shaba. Mianya ile ipo ili umeme usivuke. Ikizibwa na kaboni, umeme hupita pasipostahili, mota hula ampea nyingi, hupata joto, na vanishi ya waya huungua. Rota ya kichwa kile, yaani sehemu ya mota inayozunguka, haikupona. Mteja alikuwa amerithi treni ile kwa baba yake, na mpaka leo nikishika chupa ya oili namwona akikipokea kile kichwa kilichokufa kwa mikono miwili.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, iwe mmepata kazi kwenye karakana kama hizi au mmenunua treni ya mtumba kwa ajili ya watoto, nawasihi jambo moja: msiizime kelele kabla hamjajua inatoka wapi. Sauti ndiyo taarifa pekee mota inayokupa ingali imefungwa. Ukiifunika kwa oili, hitilafu inabaki palepale ila wewe hujui tena pa kuitafutia.

Anza kwa kukitoa kichwa relini. Kelele nyingi zinazoletwa mezani kwangu ni za meza ya mteja mwenyewe. Ubao wa plaiwudi uliopigiliwa juu ya fremu, chini yake uwazi, una umbo lilelile la ngoma. Watu hutandaza koki au sponji chini ya reli ili kunyamazisha mtikisiko, halafu wanafunga reli kwa skrubu ndefu zinazotoboa koki na kuingia kwenye ubao. Zile skrubu zinaubeba mtikisiko moja kwa moja hadi kwenye ngoma, na koki inakuwa haina kazi. Kilaze kichwa chali juu ya sponji nene, gusisha nyaya mbili za transfoma kwenye magurudumu ya kulia na ya kushoto, kiache kizunguke dakika mbili. Kama kelele imepungua sana, weka kichwa kando bila kukifungua, nenda katoe skrubu, gundisha reli kwa gundi laini.

Kama kelele ipo palepale, hatua inayofuata ni kuitenganisha mota na gia. Kwenye vichwa vingi vya dizeli vya siku hizi mota hukaa katikati, na kutoka kila upande hutoka propela fupi ya plastiki inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma. Chomoa propela zote mbili, washa. Mota ikiendelea kulia peke yake, ugonjwa ni wa mota. Ikinyamaza, rudisha propela ya mbele tu, sikiliza, kisha ibadilishe na ya nyuma. Kwa dakika kumi umeshajua upande gani unasumbua, na hujatia tone la kitu chochote. Kwenye vichwa vya mvuke, ambako gia ya skrubu (ile yenye uzi wa kujizungusha kama wa skrubu) mara nyingi imevaliwa moja kwa moja na shafti ya mota, itabidi uifungue mota yenyewe. Ukiinyanyua, angalia chini yake kama kuna vipande vyembamba vya karatasi au shaba. Viliwekwa kiwandani ili skrubu na gia yake vikae kwa nafasi sahihi. Ukivipoteza, mota itakaa chini zaidi, meno yatabanana, na utakuwa umezalisha mngurumo ambao haukuwepo.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kifaa chochote zaidi ya rula na penseli.

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliniletea kichwa kilichokuwa kinapiga "tak… tak… tak" kikienda polepole. Alikuwa amekwisha kununua mota mpya, ipo mfukoni, anataka nimfungie tu. Nilibandika utepe wa karatasi kando ya reli, nikakipeleka kichwa kwa mwendo wa konokono, na kila kikipiga "tak" mzee akatia alama kwa penseli pale lilipo gurudumu la mbele. Tukapata alama tisa. Tukapima kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, tukagawanya kwa nane: milimita 34 na ushee. Nikapima kipenyo cha gurudumu, milimita 11. Zidisha kwa 3.14, unapata 34.5. Kumbe kila gurudumu linapomaliza mzunguko mmoja, kitu kinagonga mara moja. Kisha nikachomoa propela moja, nikaizungusha mota taratibu kwa kidole na kuhesabu: mizunguko 14 ya mota kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Maana yake, kama hitilafu ingekuwa kwenye shafti ya mota, pigo lingekuja kila baada ya milimita mbili na nusu, na masikio yangelisikia kama mvumo, siyo kama mapigo ya kuhesabika. Mota yake ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Tulitoa ekseli moja baada ya nyingine. Kwenye ya tatu, chini ya lenzi, tukaiona: gia ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli ya chuma imepata ufa, na kwenye ule ufa nafasi kati ya jino na jino imepanuka kiasi cha unywele. Plastiki husinyaa kadiri miaka inavyopita, chuma hakisinyai, kwa hiyo gia inajipasua yenyewe hata ikiwa kabatini. Msijaribu kuigundisha. Nguvu iliyoipasua bado ipo, na gundi itaachia. Badilisha gia. Ilimgharimu yule mzee sehemu ndogo tu ya bei ya ile mota aliyoinunua.

Tumia hesabu hiyohiyo hata kwa kelele isiyolingana na gurudumu wala mota. Umbali ukiangukia katikati, ni gia za kati. Hapo safisha kwanza, maana mara nyingi ni punje ya kokoto za mapambo au uzi wa zulia ulionasa kwenye meno.

Kuna kelele inayotokea kichwa kikienda mbele, kikirudi nyuma inapotea. Hiyo usiihangaikie kwa oili kabisa. Gia ya skrubu inapozunguka huisukuma shafti kuelekea upande mmoja. Ukigeuza mwelekeo, inaivuta upande wa pili. Kama shafti ina nafasi ya kusogea huku na huku, upande mmoja itagota kwenye beringi na kusugua, upande mwingine itakuwa salama. Ishike kwa kibanio uisukume na kuivuta: unatakiwa uhisi msogeo mdogo tu, usiozidi unene wa karatasi mbili hivi. Ukizidi, ongeza pete nyembamba ya washa. Usiibane mpaka isisogee kabisa, itakwama ikipata joto. Ndugu wa kelele hii ni ule mngurumo wa kuteremka mlima, pale mabehewa yanapokisukuma kichwa kwa nyuma na shafti ikawa inarukaruka kati ya ncha zake mbili. Watu hulaumu mabehewa. Tazameni shafti.

Halafu kuna mvumo wa umeme, ambao hauna uhusiano wowote na vyuma. Kichwa chenye dikoda, yaani kile kipande cha elektroniki kinachopokea amri kupitia reli ya dijitali, hakipewi umeme wa kutiririka; dikoda huukata vipande vipande na kuuachia kwa mapigo. Dikoda za zamani zilipiga mapigo yasiyofika mia kadhaa kwa sekunde, na sikio linayasikia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, hasa kichwa kinapoanza kuondoka. Zile mpya hupiga maelfu mengi kwa sekunde, juu ya uwezo wa masikio ya watu wengi. Ikiwa kichwa kinavuma kikiwa polepole na kunyamaza kikishika kasi, soma kijitabu cha dikoda kabla ya kushika bisibisi. Huenda ni kubadilisha namba moja tu ya mpangilio. Na kichwa kisicho na dikoda msikiweke kwenye reli ya dijitali. Kitavuma hata kikiwa kimesimama, na mvumo ule ni umeme unaosukuma mota huku na huku bila kuizungusha. Mota zile ndogo zisizo na chuma ndani ya rota huungua haraka sana kwa namna hiyo.

Pia jueni sauti ya asili ya kila aina. Vichwa vya zamani vya reli tatu vya Märklin, kampuni ya Ujerumani, vyenye komutata bapa na brashi mbili ambazo moja ni ya kaboni na nyingine ya nyuzi za shaba, vina gia za meno yaliyonyooka zilizopangana moja baada ya nyingine. Hunguruma vikiwa vizima kabisa. Sikilizeni vilivyo vizima mara nyingi, muzoee ngurumo yao, ndipo mtakapotambua kilicho mgonjwa. Na kwa zile mota kongwe za sumaku nzito, ambazo rota yake inaonekana kwa nje, msichomoe rota kwa ajili ya kusafisha tu. Sumaku za aina ile hupungua nguvu zikiachwa bila chuma katikati. Mota yenye sumaku dhaifu huzunguka kasi zaidi, hula ampea nyingi, hupata joto, na huvuta mabehewa machache. Komutata inasafishika bila kuchomoa chochote: pamba yenye spiriti safi ya isopropili, kisha kijiti cha meno kwa ajili ya ile mianya. Kijiti, siyo sindano, maana sindano inakwaruza shaba na kila mkwaruzo utaila brashi.

Oili ina mahali pake. Beringi ndogo za shaba nyeusi-nyeusi za pande mbili za mota zimetengenezwa kwa unga wa shaba ulioshindiliwa, zina vitundu vya kunyonya na kutunza oili. Zikikauka ndipo zinapotoa ule mlio mwembamba. Chovya ncha ya sindano kwenye oili nyepesi isiyokula plastiki, gusa beringi, basi. Ukiliona tone likining'inia, limeshazidi. Gia zinataka grisi kidogo, na kabla ya grisi mpya toa ya zamani, maana iliyokaa miaka 20 imeganda kama gundi na yenyewe ni chanzo cha mngurumo. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu ziacheni kwenye sanduku la baiskeli.

Nilifika kwa mpwa wangu Jumanne jioni. Tuliunganisha mita: kwa volti 12, bila mabehewa, kichwa kilikuwa kinakula ampea 0.38, na mota ilikuwa ya moto hata kuigusa. Tope lilikuwa limeanza. Tukatoa brashi, tukaziosha komutata na mianya kwa spiriti mara tatu mpaka pamba ikatoka nyeupe, tukasubiri ikauke, tukawasha. Ule mlio ukarudi kama mwanzo. Kijana akanitazama amekata tamaa. Mimi nilifurahi, kwa sababu sasa tungeweza kuutafuta.

Tulichomoa propela, ukaendelea kulia. Nikampa kijiti cha mbao, nikamwambia aweke ncha moja kwenye ganda la mota, karibu na beringi, na nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Akasikiliza beringi ya mbele, akatikisa kichwa. Akahamia ya nyuma, macho yakamtoka. "Mjomba, ni hii." Akagusa kwa ncha ya sindano, mara moja. Mlio ukashuka taratibu, ukakatika. Akachukua daftari, akaandika tarehe, upande wa beringi, na namba iliyokuwa kwenye mita: 0.14.